Ukimwajiri mgeni Garissa, mdhamini pia

Kuna swali ninalolisikia mara kwa mara katika maduka ya mji wa Garissa. Kijana ameshuka basi kutoka Mwingi au Thika, vumbi la safari bado liko kwenye ukosi wa shati. Mkononi ana bahasha ya kaki yenye kila kitu alichoambiwa kwamba kitamfungulia mlango: kitambulisho, cheti cha kidato cha nne, cheti cha ufundi, barua ya chifu wa kwao. Anaiweka juu ya kaunta. Mwenye duka haigusi. Anamkagua kijana kwa macho, kisha anauliza: "Hapa mjini, nani anakujua?"

Kijana huhisi ametukanwa. Vyeti anavyo, nguvu anazo. Mambo ya kujuana yanatoka wapi? Mwenye duka naye hushangaa kwa nini swali jepesi hivyo limkunjishe mtu uso. Kwake yeye karatasi haina mama wala mjomba. Kijana akitoweka na mauzo ya siku, amwendee nani? Na kijana huyo huyo akigongwa na pikipiki usiku, nani apigiwe simu?

Nimeyashuhudia mazungumzo haya kwenye duka la vipuri, kwenye hoteli, kwenye mjengo, hata kwenye zahanati ya mtu binafsi, na msimamo wangu sitauficha hadi mwisho wa makala. Wote wawili wanauliza jambo la haki, ila kila mmoja ameshika nusu yake. Mtu anayetoka mbali kuja kufanya kazi Kaskazini Mashariki anahitaji mkataba ulioandikwa, na anahitaji mwenyeji wa kusimama mbele yake. Mwajiri anayempa kimoja na kumnyima kingine hajaajiri mtu, amekodi mikono. Na kosa hilo tumelilipia kwa madarasa matupu na wodi zisizo na wahudumu.

Ugeni ndani ya nchi moja

Najua kuna atakayeniuliza: ugeni gani, na Garissa ni Kenya? Kwenye ramani, ndiyo. Lakini kaa na wazee wa Wajir au Mandera uwasikilize wakiaga. Anayesafiri kwenda Nairobi husema anakwenda "Kenya". Neno hilo lina historia. Serikali ya kikoloni iliufunga mkoa huu kwa sheria, ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ikiwa mojawapo, hata mtu akawa haingii wala hatoki bila kibali. Uhuru ulipokuja vikaja vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyowekwa juu ya mkoa haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi ya ziada ambayo Mkenya mwingine hakuihitaji. Ukilelewa katika nyumba yenye kumbukumbu hizo, karatasi yenye muhuri haikutulizi moyo. Inakukumbusha foleni.

Vizuizi navyo bado vipo. Kwenye daraja la mto Tana, basi linalokwenda Nairobi husimama, abiria hushuka, vitambulisho hutolewa, na anayetazamwa kwa muda mrefu ni mwenye sura ya Kisomali. Basi likija kutoka upande wa pili, hofu huhamia kiti kingine: Mkamba, Mluo au Mmeru anaanza kuhesabu wangapi mle ndani wanafanana naye. Huku kwetu ataitwa mtu wa "down Kenya", na akikutana na mwenye ulimi mkali, "nywele ngumu". Waswahili walisema mgeni ni kuku mweupe, haji akapotea kwenye kundi. Safari ya saa chache tu inamgeuza Mkenya kuwa kuku mweupe, akielekea upande wowote wa daraja.

Kampuni ya Kichina iliyojenga kituo cha umeme wa jua nje ya mji wetu, kile kilichozinduliwa Desemba 2019, ilijijua kuwa ni ngeni tangu siku ya kwanza. Mkenya mwenzetu hufika akidhani kwamba Kiswahili na kitambulisho kimoja vinatosha. Mwajiri wake naye hudhani hivyo hivyo. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Neno moja, majeraha mawili

Nianze na dogo, maana madogo ndiyo yanayofukuza wafanyakazi kabla makubwa hayajafika. Kwa Kisomali, "waryaa" ni namna ya kumwita mwanamume: ebu we, sikia. Baba humwita mwanawe hivyo, rafiki humwita rafiki. Nairobi neno hilo hilo, likitamkwa "waria", limegeuzwa jina la Msomali yeyote yule, na mara nyingi hutamkwa pale anapodaiwa hongo au anaponyimwa nyumba ya kupanga. Sasa mweke mpishi kutoka Machakos katika hoteli ya hapa mjini. Tangu alfajiri hadi usiku anaitwa "waryaa", na kwa kuwa hajasikia hata mara moja jina lake likitajwa, anaamini amedharauliwa. Siku anapochoka humrudishia tajiri wake "waria" ya Nairobi, na tajiri anahisi amepigwa kofi. Hakuna aliyemweleza mwenzake kitu.

Nilimjua mama mmoja mwenye hoteli aliyelimaliza tatizo hili bila semina wala mshauri. Kila mfanyakazi mpya alifundishwa kwanza maneno ya Kisomali ya kazi: maji, moto, hesabu, kesho, samahani. Na wanawe wote waliamriwa wamwite kila mfanyakazi kwa jina lake, wakitanguliza kaka au dada kwa anayewazidi umri. Mazungumzo ya jikoni yalikuwa kwa Kiswahili wakati wowote mtu wa bara alipokuwapo, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mtu akisikia jina lake halafu kicheko halafu kimya, usiku hapati usingizi. Wapishi wake walikaa naye miaka. Jirani yake, mwenye ukumbi mkubwa zaidi na friji mpya, alikuwa akitafuta wapishi kila baada ya Idi.

Tena lugha zetu hazijaachana mbali kama tunavyodhani. Amana kwa Kisomali ni "amaano". Dalali ni "dallaal". Deni ni "deyn". Hesabu ni "xisaab", haki ni "xaq". Msamiati wa kuaminiana tuliupokea sote kutoka Kiarabu. Imebaki tuutumie baina yetu.

Abbaan

Zamani, mfanyabiashara mgeni aliyetaka kupita katika nchi ya Wasomali, awe Mwarabu, Mhindi au Mzungu, hakufunga mizigo kabla ya kupata abbaan. Mwingereza Richard Burton alipofunga safari ya Harar mwaka 1854, naye alilazimika kufuata utaratibu huo. Abbaan alikuwa mwenyeji, mkalimani wa desturi, dalali na ngao, vyote kwa mtu mmoja. Alichukua ujira wake katika kila bei iliyofikiwa, na wapo wasafiri walioandika malalamiko marefu juu ya uroho wa baadhi yao. Lakini mgeni akiibiwa, aliyehesabika kuibiwa ni abbaan. Mgeni akiuawa, abbaan na ukoo wake ndio waliosimama kudai damu.

Kwa nini ilikuwa lazima? Kwa sababu chini ya xeer, sheria ya desturi ya Wasomali, mtu hudai haki kupitia jamaa zake, na diya, yaani fidia ya damu, hulipwa na kundi kwa kundi. Asiye na kundi si mtu mbaya. Ni mtu asiye na mlango wa kubisha. Abbaan alimpa mlango.

Ukilijua hilo, swali la mwenye duka halikuudhi tena. "Nani anakujua?" maana yake ni: nyuma yako amesimama nani? Kosa la tajiri ni kuliacha swali likining'inia, halafu akamwajiri kijana hivyo hivyo kwa sababu mikono inahitajika na bei yake ni nafuu. Jibu lilikuwa lake yeye: kuanzia leo, mimi ndiye ninayekujua.

Kumjua mfanyakazi si maneno matupu. Ni kumpeleka kwa mzee wa mtaa na kumtaja jina. Ni kumwambia imamu na majirani kwamba fundi huyu ni wangu. Ni kumtafutia chumba ndani ya bula, kati ya nyumba za watu, badala ya kumwacha alale kwenye mjengo pembezoni mwa mji. Ni kumwambia barabara ipi isipitwe baada ya magharibi. Mnamo tarehe 2 Desemba 2014, vibarua 36 wa kuchonga mawe waliuawa Koromey, karibu na Mandera. Walikuwa wamelala kwenye mahema huko huko machimboni. Sidai kwamba abbaan angezuia bunduki usiku ule, na aliyeua ndiye mwenye damu mikononi. Lakini kila nikiyafikiria yale mahema najiuliza: je, wangekuwa wana wa tajiri, wangelala wapi?

Tunajua pia kwamba desturi hii haijafa. Tarehe 21 Desemba 2015 washambuliaji walilisimamisha basi karibu na El Wak, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Kina mama waliwavika wenzao Wakristo mitandio. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo akiwakinga wasafiri wenzake, akafariki mwezi uliofuata. Hakuna kati yao aliyekuwa na mkataba na mwenzake, wala hakuna aliyekuwa akilipwa. Walimdhamini mgeni kwa miili yao, barabarani, bila hata kuulizwa jina.

Nani anayelipa

Siku kumi kabla ya Koromey, tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 waliteremshwa kwenye basi lililotoka Mandera na kuuawa. Wengi wao walikuwa walimu na watumishi wa umma waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 yakaja mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Walimu wa kutoka bara walipiga kambi Nairobi mbele ya ofisi za tume inayowaajiri, TSC, wakiomba kuhamishwa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti hii hii ya Garissa, na uhamisho ukafuata kwa mara nyingine. Hata daktari wa ng'ambo hakusalimika: Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Kuba walitekwa Mandera asubuhi wakielekea kazini, na askari aliyewalinda akauawa.

Siwezi kumlaumu mwalimu aliyeondoka. Ana watoto. Ninachotaka tuangalie ni nyumba alizoziacha nyuma. Ingia kwa mama wa Bula Iftin ambaye binti yake yuko kidato cha tatu. Mwalimu wa hisabati aliondoka. Aliyechukua nafasi yake ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, analipwa na bodi ya shule, anajitahidi. Mama huyo anauza maziwa ya ngamia. Anadunduliza pesa ampeleke binti yake Thika au Mwingi akasome huko, na huko binti atakuwa yeye sasa kuku mweupe. Upande wa pili, kuna nyumba Kitui iliyokuwa ikipokea mshahara wa mwalimu kutoka Dadaab kila mwezi, na mkopo wa ujenzi umebaki njiani. Hizo ni nyumba mbili zilizokuwa zikilishana kwa mbali bila kujuana, na zote mbili zimeumia.

Serikali ilimpanga yule mwalimu kwa barua. Karatasi alikuwa nayo, yenye muhuri kabisa. Je, kuna aliyempokea kituoni? Kuna mzee aliyeambiwa: huyu ni mwalimu wa watoto wenu, yuko mikononi mwenu? Katika baadhi ya vijiji ndivyo ilivyofanyika, na huko nimekutana na walimu waliokataa kuhama. Katika vingi, mwalimu alishuka kwenye gari akaonyeshwa chumba, na mwenye kumjua alikuwa mwenye kibanda cha kuuza mkopo wa simu.

Daftari la deyn

Sasa niwageukie matajiri wa kwetu, maana haya ya abbaan yanaweza kutupendeza kupita kiasi tukajiona tumekamilika.

Ingia duka lolote la jumla hapa mjini, utaona daftari nene lililochakaa kingo. Ni daftari la deyn. Mfugaji huchukua sukari, mchele na unga wiki hii, halipi hadi auze mnyama siku ya soko, Jumatano. Kila kilo imeandikwa. Ana jina, jina la baba, jina la babu, na ukoo. Hakuna benki inayotunza kumbukumbu kwa uangalifu kuliko daftari lile. Kisha muulize tajiri huyo huyo: fundi wako wa cherehani alianza kazi lini, na unamdai au anakudai kiasi gani? Atakuangalia kana kwamba umemtukana. "Huyo tunaelewana."

Fundi mmoja wa cherehani alielewana na tajiri wake kwa miezi 14. Alikula pale, alilala stoo, na mshahara wake, kwa makubaliano, uliwekwa amana kwa tajiri ili asiutapanye. Tajiri alikuwa mtu mwaminifu, sina shaka na hilo. Akafa ghafla. Wanawe walipekua daftari zima wakakuta kila kilo ya sukari iliyokopwa mji mzima, wasikute hata mstari mmoja wa fundi. Hawakuwa watu wabaya. Walimpa nauli na kitu kidogo cha sadaka, yeye aliyekuwa akidai mshahara wa mwaka na zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Inasema mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inakataza kumbagua mtu kwa dini au kabila lake. Na Uislamu haukungoja Bunge la Kenya: aya ndefu kuliko zote katika Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inaamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo. Kijana anayeomba makubaliano yaandikwe hajatutukana. Anatukumbusha dini yetu.

Hilo la siku ya mapumziko linahitaji moyo. Duka hufungwa Ijumaa adhuhuri kila mtu akaswali, na mfanyakazi Mkristo anaambiwa hayo ndiyo mapumziko yake. Yeye anaomba Jumapili asubuhi. Anakataliwa, au anapewa kwa uso uliokunjwa. Desemba 2015, mwezi ule ule wa basi la El Wak, zaidi ya wafanyakazi 100 Waislamu, wengi wao Wasomali, walipoteza kazi katika kiwanda cha nyama cha Cargill kule Fort Morgan, Colorado, baada ya mzozo kuhusu muda wa sala. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kuumaliza mgogoro huo, bila kukiri kosa. Habari zile ziliumiza hapa Garissa, kwa sababu nyumba nyingi zina mtoto, mjomba au shangazi Marekani. Tuliona ni dhuluma mtu achague kati ya mkate na Mola wake. Basi fundi wa Machakos anayeomba saa tatu za Jumapili anaomba nini tofauti?

Na vijana wetu je?

Hoja ninayoipinga kwa uzito ni hii: vijana wa hapa hawana kazi, kwa nini tuhangaike kumdhamini wa mbali? Maumivu yake nayajua. Nimewaona vijana wakifunga barabara ya Dadaab kwa sababu hata kazi ya udereva wa shirika imekuja na mtu kutoka Nairobi. Mashirika yanayoajiri kwa barua pepe kutoka mji mkuu, yasiulize hata mzee mmoja wa hapa, yanafanya kosa lile lile la karatasi bila mwenyeji. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Sheria hiyo inamkinga mtu wa bara hapa, na inamkinga mwanetu anayeomba kazi Machakos au Meru. Hatuwezi kuitaka kule tukaikataa huku.

Kilomita 100 hivi kutoka hapa pana jambo linaloniuma zaidi. Kambi za Dadaab, Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilifunguliwa 1991 na 1992. Wapo waliozaliwa humo wakasoma humo, na leo wanafundisha humo humo. Mwalimu mkimbizi husimama mbele ya darasa lililojaa, lakini halipwi mshahara. Hupewa posho wanayoiita insentivu, sehemu ndogo tu ya anachopata Mkenya wa chumba cha pili. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua njia ya kufanya kazi, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Mlango wa kibali cha kazi, hata hivyo, bado ni mwembamba mno. Kwa hiyo shule za Garissa zinalia hazina walimu, na mwendo wa saa mbili kutoka hapo wapo walimu wanaojua lugha ya watoto, jua la hapa na barabara za hapa, ila hawana karatasi. Hawa, majirani wote wanawajua. Serikali ndiyo haijataka kuwajua.

Jumatano iliyopita nilipita kwenye duka la vipuri nikitoka soko la mifugo, ambako madalali walikuwa bado wameshikana mikono chini ya kitambaa, wakipatana bei kwa vidole. Kulikuwa na kijana kwenye kaunta, na bahasha ya kaki. Tajiri aliuliza lile swali. Kijana akasema hamjui mtu. Tajiri akanyamaza kidogo, akavuta daftari la deyn, akapita kurasa za sukari na mchele hadi akapata ukurasa mtupu, akafungua kalamu.

"Jina lako?"

Kijana akalitaja.

"La baba?"

Akalitaja.

"La babu?"

Hilo halikuwemo kwenye kitambulisho. Kijana alifikiri kidogo, akalitaja polepole, herufi kwa herufi, na tajiri akaliandika.